Rozari Yaruhusiwa, Sururu Je?

Kwenye kilio kimoja hapa Kolwezi, mhubiri alisimama mbele ya mama wa marehemu akasema kwamba kijana yule alikufa mwizi. Udongo ulimfukia usiku, akichimba ndani ya eneo la kampuni bila kibali. Mhubiri alisoma Warumi 13, habari ya mamlaka zilizowekwa na Mungu, kisha akafunga Biblia. Hakuna aliyembishia, maana kilioni watu hawabishani. Nambishia hapa.

Maana ya sheria dhalimu haina haja ya kutuchelewesha. Augustino aliona kwamba sheria isiyo na haki haistahili jina la sheria. Thoma wa Akwino akasema haimfungi mtu katika dhamiri, na ile inayoamuru kumkosea Mungu isitiiwe kamwe. Wakunga wa Misri walimkaidi Farao, Danieli alisali madirisha yakiwa wazi, Petro aliliambia Baraza kwamba Mungu hutiiwa kabla ya wanadamu. Hapo Wakristo hawana ugomvi.

Ugumu wetu ni mwingine. Sheria ya Kolwezi haimwamuru mtu kuabudu sanamu, inamfungia ardhi tu. Je, kuikaidi sheria ya namna hiyo nako kuna baraka?

Jibu linaloniudhi kuliko yote ni hili: “Njia halali ipo.” Ajiunge na ushirika, apate kadi ya mchimbaji, aende kwenye zoni iliyotengwa. Wanaosema hivyo wengi ni watu wema, nao husema kwa upole, kana kwamba maskini amepotea njia tu. Basi tuifuate njia hiyo tuone inafika wapi. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu zoni ya wachimbaji wadogo pale tu ambapo uchimbaji wa viwanda hauwezekani. Kwa hiyo kampuni hukaa mezani kwanza, na mchimbaji huitwa kukwangua sufuria. Hata ukoko huo si wake: yakigunduliwa chini yake madini yanayofaa mitambo, zoni yaweza kufungwa. Wakati huohuo ardhi yenye shaba na kobalti kutoka Kolwezi hadi Fungurume imekwisha kugawiwa kwa vibali vya makampuni, karibu yote.

Mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, ni ushahidi. Mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba uani na hata chumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, wakazi wake wakahamishwa, na waliobaki kuchimba ndani wakawa na mnunuzi mmoja tu. Mwaka 2019 serikali ikaunda kampuni ya Entreprise Générale du Cobalt na kuipa peke yake haki ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo nchini kote. Njia halali ndiyo hiyo: unapita mlango waliouchagua wao, unauza kwa bei waliyoipanga wao.

Nabothi naye alionyeshwa njia halali. Mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba lake la mizabibu, alimtolea jingine, au fedha. Alipokataa, kila kitu kilifanyika kwa utaratibu: barua zenye muhuri wa mfalme, kikao cha wazee, mashahidi wawili. Hakuna kilichopungua isipokuwa haki. Eliya alipofika hakuuliza kama karatasi zilikuwa sawa.

Ziko hoja zenye uzito zaidi. Kila mtu akijichagulia sheria ya kutii, wanyonge ndio wa kwanza kuumia. Mashimo yanaua: tarehe 27 Juni 2019 watu wasiopungua 40 walikufa ndani ya eneo la Kamoto Copper Company. Na Thoma mwenyewe alikubali kwamba pengine yafaa kuvumilia sheria mbaya ili kuepusha fujo.

Lakini Thoma huyohuyo alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki kuu, akichukua cha mwenzake ili aishi, hakuiba. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulirudia fundisho hilo mwaka 1965. Na tarehe 31 Desemba 2017, Kamati ya Walei Wakatoliki ilipowaita waamini waandamane, serikali ilikataza. Walitoka hata hivyo, rozari mkononi, na damu ikamwagika. Kardinali Monsengwo aliwatetea. Sikusikia padri aliyewasomea wafu wale Warumi 13. Kwa nini aliyebeba rozari awe shahidi, na aliyebeba sururu awe mwizi? Mtu ataniambia wale walitembea mchana na huyu aliingia usiku. Wakunga wa Misri nao walifanya kwa siri, na Mungu akawatendea mema.

Maneno ya mhubiri yanauma zaidi kwa kuwa mji huu uliwahi kufikiri vingine. Mwaka 1953 padri Mfransisko Placide Tempels alikuja Ruwe, kwenye kambi ya kampuni ya madini ya Union Minière. Zama hizo kampuni, serikali na misheni zilishikana mikono, na mfanyakazi alihubiriwa utii. Tempels, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimekwisha kumpa jina, alikaa na wafanyakazi na wake zao akawauliza wanatafuta nini maishani. Humo ikakua harakati ya Jamaa, na maneno yake matatu: uzima, uzazi, mapendo. Baadaye maaskofu waliishuku, nami siwezi kuamua ugomvi wao. Ninachokipenda ni mpangilio: aliuliza habari ya uzima kwanza. Mhubiri wetu alianza na kibali.

Hata hivyo sina hukumu kamili. Mfuko wa kwanza wa madini ni unga wa watoto. Wa kumi, uliouzwa kwenye soko la madini la Musompo, ni nini? Na mtoto aliyeachishwa shule ili aoshe mawe, dhiki ya baba yake inamhalalisha nani? Thoma alimfikiria mtu mwenye njaa ya leo. Hakuwaandikia watu waliozaliwa katika dhiki kuu wakazeekea humo, juu ya utajiri ambao dunia nzima inaugombania. Dharura ikidumu maisha mazima, ruhusa yake nayo inadumu, au tunahitaji fundisho jingine kabisa? Hapo ndipo ninapokwama, na hapo ndipo ningependa wahubiri wetu waanzie.