Je, Mgonjwa Akinyamaza Amepona?



Kuna swali ambalo familia nyingi hapa kambini zinaulizana kwa sauti ya chini. Ndugu anapiga kelele usiku kucha, anajibizana na sauti ambazo sisi hatuzisikii, anawaona majirani kuwa maadui. Anapelekwa kituo cha afya, anachomwa sindano, analala. Wengine wanasema, "Mungu ashukuriwe, ametulia." Wengine wananung'unika, "Wamemlevya tu ili asisumbue." Je, ni haki kumtuliza mtu kwa dawa ambayo hakuiomba?

Tuujue kwanza ugonjwa wenyewe. Unaitwa skizofrenia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba umewapata watu wapatao milioni 24, yaani karibu mtu 1 katika kila 300, na mara nyingi huanza katika ujana. Basi si ugonjwa wa kabila moja, wala si alama ya ukoo uliolaaniwa.

Zamani wagonjwa wengi, hata huko Ulaya, walifungiwa miaka na miaka. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kuwapa klopromazini, dawa ambayo mpasuaji Henri Laborit alikuwa ameona inawatuliza watu wa upasuaji. Wagonjwa hawakulala tu, bali wengi walianza kuzungumza kwa mpango. Mwaka 1958 ikapatikana haloperidoli huko Ubelgiji. Dawa hizo mbili zinatumika mpaka leo.

Hapo ndipo tunapopaswa kutofautisha usingizi na matibabu. Diazepamu humtuliza mtu kwa muda mfupi, lakini haiondoi zile sauti. Klopromazini na haloperidoli nazo hutuliza upesi, ila kazi yake kubwa, ya kupunguza sauti na hofu, huchukua siku nyingi, hata majuma. Kwa hiyo aliyelala leo bado hajapona. Amefunguliwa mlango tu.

Tuseme nini basi? Mtu anapotaka kujiumiza au kuumiza wengine, kumtuliza ni huruma. Ni afadhali sindano ya mganga kuliko kamba ya majirani. Lakini dawa nayo yaweza kugeuka kamba. Nyumba zetu zimebanana, ukuta ni turubai, na watoto wa jirani nao wanataka kulala. Ni rahisi sana kuomba kipimo kiongezwe kwa ajili ya usingizi wetu sisi, na kusema ni kwa ajili yake.

Tukumbuke mtu wa nchi ya Wagerasi katika Injili ya Marko. Watu wake walishajaribu minyororo, ikashindikana. Yesu alipomponya, hakukutwa amelala. Alikutwa ameketi, ana nguo mwilini, fahamu zimemrudia, kisha akatumwa nyumbani kwa jamaa zake. Hicho ndicho kipimo cha uponyaji: si kimya cha boma, bali mtu kurudi kwa watu wake.

Kwa hiyo, wapendwa, tunashauri haya.

Kwanza, mgonjwa akiamka, aambiwe kwa upole amepewa nini na kwa nini. Tusimfichie dawa ndani ya chakula. Siku akigundua, ataogopa dawa na chakula pia, na zile sauti zinazomwambia kwamba anawekewa sumu zitakuwa zimepata ushahidi.

Pili, tumsikilize anapolalamika. Shingo kukaza, mikono kutetemeka, mate kumtoka, miguu kukosa utulivu: hayo si ukaidi wala pepo. Yaweza kuwa madhara ya dawa. Mpelekeni kwa mganga. Kipimo chaweza kupunguzwa, au apewe dawa ya kusaidia. Shingo ikipinda ghafla au akishindwa kumeza, msingoje kesho.

Tatu, tusikatishe dawa wenyewe kwa sababu ametulia au kwa sababu tumemwombea. Tunaomba huku tukimeza dawa ya malaria, na hakuna anayesema tumepungukiwa imani. Wala diazepamu isichanganywe na pombe, maana pumzi yaweza kukatika.

Nne, kanisa lisimwache aliyelala. Familia inayokesha na mgonjwa inahitaji mtu wa kuchota maji, wa kukaa zamu, wa kwenda nao kliniki. Tukisaidiana kubeba kelele, haja ya kuongeza dawa ili tu kupata kimya itapungua.

Tukimtembelea ndugu huyo, tusiulize ni siku ngapi hajapiga kelele. Tuulize kama ameoga, kama amekula pamoja na wenzake, kama ametuita kwa majina. Na tumuulize yeye mwenyewe, maana bado yupo.

Neema ya Bwana ikae nanyi.