Daftari Halina Mjomba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likiandikwa kwa kumwonea ndugu haya, mali hupotea vilevile. Je, uaminifu kwa ndugu unaweza kuhalalisha hesabu isiyo ya kweli?

Mwaka 1988, mtaalamu Sidney Gray alieleza kuwa maadili ya jamii hupenya hadi katika uhasibu wake: jamii nyingine huegemea usiri, nyingine uwazi. Sisi Wanyarwanda hatuandiki kabila katika vitambulisho. Utaratibu huo, ulioletwa na wakoloni wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, ulifutwa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na ni vyema ulifutwa. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria ya mwaka 2008, walizuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Hata hivyo, hakuna sheria inayofuta neno "wetu". Neno hilo huhamia kwenye ukoo, kijiji, hata shule tuliyosoma.

Najua, kwa sababu mwaka jana nilikuwa mwandishi wa ikimina, chama cha akiba cha mtaani kwetu Kigali. Mjomba wangu alikopa faranga 200,000, na kwa miezi saba hakulipa kitu. Siku ya kusoma hesabu niliandika "deni litakalolipwa", ingawa nilijua biashara yake imekufa. Tarakimu zote zilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika neno moja. Mama mmoja muuza mboga, asiye ndugu yetu, alikuwa ametegemea mgao huo kwa karo ya mwanawe. Siku ya kugawana, fedha hazikutosha.

Katika kampuni kubwa mambo ni hayo hayo. Fedha taslimu huhesabika. Upendeleo hujificha katika makadirio. Tangu 2018, kiwango cha kimataifa cha IFRS 9 kinazitaka benki zitambue hasara inayotarajiwa kabla mkopaji hajashindwa kabisa kulipa. Lakini nani anaamua kuwa fulani hatalipa? Ni mtu, na mtu ana mjomba. Ndiyo maana kanuni za maadili ya wahasibu zinautaja ukaribu kuwa tishio kwa ukaguzi.

Mtu atapinga kwamba ikimina huishi kwa sababu tunajuana, wala hatudai dhamana. Ni kweli. Kujuana kunatosha pale ambapo wote wanajuana. Lakini mwaka 2011 hisa za Bralirwa na Bank of Kigali zilianza kuuzwa katika soko la hisa, na mnunuzi anaweza kuwa mtu asiyewahi kuhudhuria harusi zetu. Macho yake ni ripoti tu. Kumficha ukweli ili kumsitiri ndugu ni kumlipisha mgeni gharama ya undugu wetu.

Undugu ni kufaana, nami ningeweza kumfaa mjomba kwa kumchangia kutoka mfukoni mwangu, au kuwaomba wanachama hadharani wamwongezee muda. Sikuwa na haki ya kumfaa kwa kalamu ya wote.

Mkutano uliofuata nililisahihisha neno lile mbele ya wanachama. Mjomba hakupokea simu yangu kwa miezi miwili. Iliniuma, lakini hesabu ilikuwa ya kweli.