Sabuni ya Mafuta ya Nguruwe na Tahara ya Muislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Ewe ndugu Muislamu uishiye ugenini, huenda jirani akakuletea kwa wema sabuni aliyoipika nyumbani kwake. Tambua kuwa wapo wanaoipika kwa mafuta ya nguruwe, yaitwayo lard, wakayachanganya na maji na soda ya kostiki, kisha wakaikata vipande na kuiweka ikauke wiki 4 hadi 6.

Husemwa: kwa kukaa muda huo mafuta yamekwisha geuka, basi najisi imeondoka. Jawabu ni kuwa mafuta hugeuka sabuni zaidi katika siku 2 za mwanzo. Wiki zinazobaki hukausha maji na kuifanya sabuni iwe ngumu. Na kukauka huku hakutahirishi.

Ni kweli kuwa wanazuoni wa Kihanafi wamesema najisi ikigeuka dhati yake hutahirika, nasi twawaheshimu. Lakini mpishi wa sabuni ya nyumbani aghalabu hupunguza soda kwa makusudi, ili kiasi cha sehemu 5 katika 100 za mafuta zibaki bila kugeuka, zilainishe ngozi. Basi mafuta ya nguruwe yamo bado ndani ya kipande hicho.

Na Mwenyezi Mungu, katika Suratul An'am, aya ya 145, ameiita nyama ya nguruwe uchafu. Na mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (S.A.W.) aliharamisha kuuza mzoga na nguruwe, akaulizwa juu ya mafuta ya mzoga yanayopakwa majahazi na kuwashiwa taa, wala hakuyaruhusu. Sembuse yanayopakwa mwili unaosimama mbele ya Mola wake?

Basi mshukuru jirani, umweleze udhuru wako kwa ulimi laini, wala usimvunje moyo, kwani haki ya jirani ni kubwa. Dukani soma karatasi ya sabuni: sodium lardate ni ya nguruwe. Halali iko tele: sabuni ya mafuta ya nazi, au ya zeituni, ambayo watu wa Nablus na Halab wameipika karne nyingi.

Aliyeitumia bila kujua na aoshe mwili na nguo kwa maji safi, wala asijitie wasiwasi.

Wabillahi tawfiq.