Kariakoo: Jina Lisilo na Majina

Kuli wa Kariakoo hana muda wa historia. Guta limesheheni marobota ya vitenge, Mtaa wa Msimbazi umefungamana, na anayesukuma nyuma anapiga kelele watu wapishe. Hata hivyo, mahali anapopita pameitwa kwa kazi yake. Waingereza walipoutwaa mji kwa Wajerumani mwaka 1916, hapa ndipo walipoweka wapagazi wao wa vita, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka walivyoliweza: Kariakoo. Nairobi nako jina hilohilo likawa Kariokor.

Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, wanahesabiwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 1922 afisa mmoja wa tume ya makaburi ya vita aliandika maoni ya Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt: makaburi makubwa ya wapagazi wa Dar es Salaam yaachwe yarudi porini upesi. Miaka mitano baadaye ikasimikwa Sanamu ya Askari, ile ya Bismini, na chini yake maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yakiahidi kwamba watoto watayakumbuka majina ya waliokufa.

Majina gani? Mwaka 2021 warithi wa tume ileile walikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Padri na mwanafalsafa wa Kenya, John Mbiti, alichukua maneno mawili ya Kiswahili kueleza namna wafu wanavyokumbukwa katika kitabu chake cha mwaka 1969: *sasa* na *zamani*. Marehemu, alisema, hubaki katika sasa maadamu yupo mtu aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina. Akifa wa mwisho wa hao, marehemu huzama katika zamani. Kwa kipimo hicho, Kariakoo haimwokoi mpagazi hata mmoja. Linalotajwa kila siku na makondakta wa daladala ni jina la kikosi. La mtu halimo.

Muumini atajibu kwamba Mungu anawajua wote. Ni kweli, na ndiyo maana hitma husomwa na misa ya marehemu husaliwa hata kwa wasiojulikana. Lakini msibani, kabla ya maiti kwenda kuzikwa, familia husimama na kuuliza: nani anamdai marehemu? Hakuna asemaye kwamba Mungu anaijua hesabu, basi yaishe. Deni la mtu hulipwa na watu. Kwa wapagazi deni limegeuka: wanaodaiwa ni walio hai.

Kumbukumbu nyingine za mji ni za mawe. Likikabili bandari kuna Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said. Leo ndani yake mna kituo cha urithi wa usanifu majengo, DARCH, ambacho huonyesha jinsi mji ulivyokua na kuwatembeza watu mitaani. Kazi hiyo ina thamani kubwa, maana ghorofa mpya zinazidi kuzimeza nyumba za zamani. Lakini jiwe likihifadhiwa bila simulizi humtaja sultani tu.

Kleist Sykes alilielewa hilo. Kijana huyo wa Dar es Salaam alipigana katika vita vilevile upande wa Wajerumani, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, akazitumia kuandika sura ya kitabu kilichotoka mwaka 1973. Uliokuwa Mtaa wa Kipata leo unaitwa Kleist Sykes.

Guta linasimama katika mtaa huo. Mwenye duka anahesabu marobota, anaandika idadi daftarini, anamlipa kuli. Jina lake haliulizi.