Wimbi na Amana ya Roho

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: enyi ndugu Waislamu, watu wa pwani na bahari, jueni ya kuwa roho ya mwanadamu ni amana, wala aliyewekewa amana hana ruhusa kuichezea apendavyo.

Huko Nazaré, katika nchi ya Ureno, chini ya bahari mna korongo kubwa lenye kuelekeza nguvu za mawimbi ya Atlantiki hata karibu na ufuo. Majira ya baridi mawimbi huinuka hapo mfano wa milima. Wako watu huvutwa kwa chombo cha mashine, wakaachiwa juu ya wimbi, wakateremka nalo wamesimama juu ya ubao. Mwaka 2020 Sebastian Steudtner, Mjerumani, aliteremka wimbi la futi 86. Mwaka 2023, mahali hapo hapo, alikufa Márcio Freire wa Brazil, naye alikuwa bingwa wa mchezo huo. Ustadi haukanushwi, lakini wimbi halimjui stadi.

Je, sheria yasemaje? Mafakihi wa Kishafii wamebainisha ya kuwa mchezo wa hatari huwa halali kwa stadi ambaye salama yake ni ghalibu. Ama ikighalibu dhana ya kuangamia, ni haramu. Basi na apime mtu kabla ya kutia mguu majini. Kisha ajiulize la pili: aenda kwa ajili ya nini? Akiwa aenda ili asemwe kuwa ni shujaa, amenunua sifa kwa mali isiyo yake.

Tazameni habari ya Eddie Aikau wa Hawaii. Hakuwa Muislamu, lakini hekima huokotwa popote ilipo. Alikuwa hodari wa kupanda mawimbi makubwa, na kazi yake ilikuwa kuokoa watu katika ghuba ya Waimea. Machi 1978 chombo cha tanga alichosafiria, Hōkūleʻa, kilipinduka usiku katika bahari chafu. Kulipokucha akashika ubao wake, akaenda kuwatafutia wenziwe msaada. Wao waliokolewa, yeye hakuonekana tena.

Basi, enyi vijana, jifunzeni kuogelea na kuijua bahari, kwani kumwokoa azamaye ni wajibu kwa awezaye. Lakini hatari ya kumwendea ndugu anayezama si sawa na hatari ya kutafuta makofi ya walio ufuoni. Mwenye amana ataulizwa aliitumia wapi.

Wallahu aalam.