Besi ya Barabara ya Kumi na Mbili

Nilimdanganya Bibi kwa bisibisi. Nilimwambia nataka kufungua gitaa nione kama waya zimeoza, na kweli waya nilizitazama, lakini nilichokuwa natafuta ni namba.

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, sebuleni kwa mjane wa mpiga besi. Mjukuu wake, ambaye nasoma naye chuo, ndiye aliyeniambia kuna gitaa la babu juu ya kabati na Bibi anataka kuliuza apate kurekebisha paa. Nikapanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam. Mimi hupiga besi kanisani na kwenye harusi, kwa gitaa la kuazima, na shilingi 350,000 nilizokuwa nazo zilikuwa akiba ya miezi saba.

"Mtoto wa kike unapiga hili dude?" Bibi alicheka, akanimiminia chai ya tangawizi. Marehemu alianza dansi akiwa kijana. Siku hizo, katika bendi nyingi, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki akihama anaondoka na nguo zake tu. Yeye hakuhama. Bendi ndiyo iliyokufa, na kwa kuwa alikuwa anadai mshahara wa miezi mingi, akapewa besi.

"Basi huu ndio mshahara wake," Bibi alisema, akiligonga gitaa kwa kidole. "Nipe laki tatu na nusu."

Lilikuwa limepakwa rangi ya mafuta ya bluu, ile ya milango. Maandishi ya kichwani yalikuwa yamefutika, lakini umbo la kichwa chenyewe nililijua kabla sijakaa kwenye kochi. Nikalegeza nyuzi, nikafungua bamba la plastiki, nikaligeuza. Chini ya vile vitufe vya kuzungusha sauti kuna vikombe vidogo vya chuma vilivyogongwa namba. Kimoja kilisomeka 1376621. Tarakimu tatu za kwanza ni za kiwanda kilichotengeneza kifaa hicho, mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Wiki ya 21 ya mwaka 1966. Kifaa kinaweza kukaa ghalani muda mrefu kabla ya kufungwa, kwa hiyo namba haikuambii gitaa lilitoka kiwandani lini. Inakuambia tu kwamba halikutoka kabla ya hapo. Lakini risasi iliyounga waya haikuwa imeguswa na fundi yeyote. Hii ilikuwa Fender Precision ya California ya miaka ya sitini, na besi za umri huo huuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Rangi ya mlango inashusha bei sana, maana wakusanyaji hawana huruma na rangi. Hata hivyo, ukikata nusu, ukakata nusu tena, ilibaki nyingi kuliko laki tatu na nusu.

Nikarudisha skrubu moja moja. Nikasema, "Bibi, limechoka kidogo. Chukua laki tatu."

Akachukua.

Kunyamaza kwangu labda ningeweza kukutetea. Lile neno "limechoka" sina pa kulipeleka.

Nasoma uzamili wa falsafa, kwa hiyo utetezi ninao wa kutosha. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara anayepeleka nafaka Rhodes wakati wa njaa, huku akijua meli nyingine za nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes wa Babeli anasema kuficha ni jambo moja na kutosema ni jambo jingine. Antipater, mwanafunzi wake, anasema lazima aseme. Ndani ya basi, mpaka Segera, mimi nilikuwa mfuasi wa Diogenes. Nilijiambia kwamba maarifa haya niliyatafuta mwenyewe, usiku mwingi, kwa bando langu. Bibi alitaja bei mwenyewe, na karibu yote ameipata. Nisingekwenda mimi, gitaa lingekaa pale mpaka mchwa walifikie. Kila hoja ni ya kweli, na sijui hata leo ni ipi ningeifuta.

Kwa bahati mbaya Cicero anaendelea. Anamtaja Scaevola, aliyekuwa ananunua shamba. Muuzaji akataja bei, Scaevola akasema kwangu thamani yake ni zaidi ya hapo, akaongeza sesta 100,000. Cicero anaripoti kwamba kila mtu alikiri huo ni utu wema, ila wengine walisema si akili. Darasani tulicheka hapo.

Ila Scaevola alikuwa na pesa. Mimi nilibaki na nauli na chakula cha wiki moja, na kwa muda jambo hilo lilinipa amani: kama ninachodaiwa ni tofauti ya bei, basi sina, yameisha.

Halafu nikamsimulia rafiki yangu aliyesoma madrasa Pangani, kana kwamba ni kisa cha mtu mwingine. Akanieleza kwamba Mtume alikataza watu kutoka nje kuwapokea wenye misafara na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na aliyeuziwa njiani hivyo, mwenye mali akifika sokoni ana hiari: aiache biashara isimame au aivunje.

"Huyo mtu wako," akasema, "alimwahi bibi njiani."

Kilichonishika ni hiyo hiari. Hukumu hii haimwambii mnunuzi alipe tofauti, wala haisemi kujua bei ni dhambi. Inasema tu kwamba mwenye mali ana haki ya kufika sokoni. Soko la besi ile haliko Ngamiani wala Kariakoo. Liko kwenye intaneti, kwa Kiingereza, kwa watu wanaosoma namba chini ya vitufe. Bibi hakuwa na njia ya kufika huko isipokuwa mimi, nami nilikaa katikati ya njia nikinywa chai yake. Tena haikuwa mali ya kuokota. Ulikuwa mshahara wa mtu, uliocheleweshwa miaka na miaka, na mimi nikawa wa pili kuukata.

Nilimpigia Ijumaa jioni. Nilimweleza namba, mwaka, bei za huko, na jinsi rangi inavyozishusha. Nikasema anaweza kulirudisha, laki tatu akanirejeshea polepole. Au tuliuze na pesa iwe yake. Au iwe kama ilivyo. Nilitegemea aniulize ni kiasi gani.

"Mwanangu," akasema, "haya uliyajua ukiwa hapa kwangu, au uliyajua ulipofika kwako?"

"Nikiwa hapo, Bibi."

Nilisikia adhana ya magharibi nyuma yake, na mtoto akiitwa.

"Haya. Ngoja niongee na wanangu."

Hizo ni siku kumi sasa. Mjukuu wake ananiambia paa limeezekwa upande mmoja. Wanawe hawajapiga. Gitaa liko kwenye mkoba, nyuma ya mlango, na Jumapili nilikwenda kanisani na lile la kuazima.