Mgeni wa Siku 90

Mama aliyekuwa nyuma ya kioo pale Holili aliifungua pasipoti yangu, akapekua kurasa moja moja, kisha akaniangalia.

"Shikamoo, mama," nilisema. Nilikuwa nimekaa Moshi vya kutosha kujua kwamba kule salamu hutangulia shida.

"Marahaba. Umerudi tena, kijana. Unakuja kufanya nini?"

"Kutembea tu."

"Kutembea." Akalirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi. "Na mlima umeshapanda?"

Sikuwa nimeupanda. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naishi chini ya Kilimanjaro, nikiandika makala za intaneti kuhusu njia za kuupanda, viatu gani uvae, siku ngapi utembee, na sikuwa nimefika hata langoni. Mama yule hakuongeza neno. Aligonga muhuri, na badala ya miezi mitatu niliyoizoea akaniandikia mwezi mmoja.

Nianze na maelezo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikarudi kwetu Maungu. Ukiwa Maungu unaona malori tu: yanayopanda Nairobi, yanayoshuka Mombasa, na vijana tuliokaa kando ya barabara tukiyahesabu. Kampuni moja ndogo ya utalii upande wa pili wa mpaka ilipotaka mtu wa kuandika, sikuuliza maswali mengi. Matatu hadi Voi, nyingine kupitia Mwatate na Maktau hadi Taveta, na siku hiyo hiyo niko Moshi.

Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kutumika Julai 2010. Unaniruhusu mimi Mkenya kuingia Tanzania bila viza na kukaa kama mgeni hadi miezi sita. Kufanya kazi ni habari nyingine, hiyo inataka kibali. Bosi alisema kibali ni ghali na kinachelewa, halafu akanionyesha njia ya mkato: muda ukikaribia kuisha, panda gari uende Taveta, kunywa chai, rudi. Tangu 2016 kituo cha mpaka ni cha pamoja. Ukiingia Tanzania, muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia kule vyote unagongewa Holili; ukirudi, vyote viko Taveta. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Niliondoka nikiwa mgeni aliyekaribia kuchosha, nikarudi nikiwa mgeni mpya.

Je, nilidanganya? Kwa muda mrefu nilijitetea hivi: nilivuka kweli, mihuri ni ya kweli, siku zimehesabiwa. Sheria ilisema toka, nikatoka. Haikusema nikae nje kwa muda gani. Lakini sheria huhesabu siku kwa sababu haiwezi kuhesabu nia. Mimi nilichukua kipimo kile kile ilichokiweka ili kunitambua, nikajificha nyuma yake. Kila hatua ya miguu yangu ilikuwa kweli, na safari nzima ilikuwa uongo.

Utanijibu kwamba mpaka wenyewe ni uongo pia. Mstari huu ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Jipe, ukauzunguka Kilimanjaro, na Taveta ikabaki huku. Hakuna Mtaveta aliyeulizwa. Mpaka leo kuna watu wenye shangazi upande huu na shamba upande ule. Hoja hiyo naikubali, ila hainisaidii. Mimi sikuvuka kwenda kwa shangazi. Nilivuka kwenda kwa bosi.

Na ni bosi aliyenifundisha uongo huu unamhudumia nani. Alikaa miezi miwili bila kunilipa. Nilipodai, alitabasamu: "Nenda kashtaki. Utasema wewe ni nani?" Sikuwa na jibu. Kwa maandishi nilikuwa mtalii, na mtalii hana mshahara wa kudai. Nilidhani kila muhuri unaninunulia miezi mitatu. Kumbe ulikuwa unafuta ile mitatu iliyotangulia: kazi niliyofanya, kodi ya chumba niliyolipa, majirani waliokuwa wakiniita kwa jina. Mwezi mmoja wa yule mama ulipoisha, nilifungasha nikarudi nyumbani. Pesa zile zilibaki huko.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zamani niliisikia kama dharau kwa wageni, namna ya kumwambia mtu umetuchosha. Siku hizi naisikia kama ukarimu. Jembe ni kazi, lakini pia ni nafasi. Anayelima na wenzake hula nao bila kuomba, na mazungumzo ya mavuno yanamhusu. Kuvuka na kurudi kila miezi mitatu ni namna ya kubaki siku ya pili milele. Jembe haliji.

Immanuel Kant, ambaye maisha yake yote hakutoka mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu. Humo alisema mgeni ana haki ya kuzuru, lakini haki ya kukaa inahitaji makubaliano maalumu na wenyeji. Nilimsoma kabla sijaacha chuo, nikamwona mchoyo. Leo naona neno la kushika pale ni makubaliano. Mimi sikukubaliana na mtu. Nilikuwa nikizuru, nikizuru, nikizuru.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya jirani yangu. Ni Mzungu, amepanga nyumba hapa Maungu, anafanya kazi kwa kompyuta na mshahara wake unatoka kwao. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza ikaanza idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, na mtalii huruhusiwa siku 90. Zikikaribia kuisha, anavuka Holili, analala Moshi, anarudi na idhini mpya. Mwezi uliopita aliniomba nimsindikize.

Kwanza nilikasirika. Kijana wa Maungu akitaka kuzuru kwao hulipa yuro 90 za maombi ya viza ya Schengen, na akikataliwa harudishiwi. Na kule mwanya huu ulishazibwa: ni siku 90 ndani ya kila siku 180, uvuke mara ngapi sijui. Halafu nikakumbuka nilivyojibu "kutembea tu", hasira ikapoa. Mwenye madoa yangu hawezi kumcheka chui.

Lakini hatukufanya kitu kimoja. Mimi ugeni uliniondolea haki. Yeye unamwondolea wajibu. Katika baraza la maji, ambapo wazee walikuwa wakigawana zamu za kuchimba mtaro wa bomba, aliombwa maoni akasema kwa upole, "Mimi ni mgeni tu." Amekaa hapa zaidi ya mwaka na anateka maji ya bomba lile lile. Ndiyo maana nadhani swali la kumuuliza anayevuka na kurudi si kama amevunja sheria. Ni hili: huo ugeni unaoufanya upya unamkwepesha nani deni lake? Kwangu ulimkwepesha bosi. Kwake unamkwepesha yeye mwenyewe.

Nilimsindikiza hadi Taveta. Nilibaki upande huu nikanunua mkungu wa ndizi, nikamtazama akielekea Holili na begi lake dogo. Kabla hajaondoka nilimwambia akiwa na nafasi aombe kibali cha kukaa, hata kama ni ghali, kwa sababu uwezo anao. Akasema atafikiria. Nikamwambia pia kwamba Jumamosi tunachimba mtaro, saa moja asubuhi, na kama hana jembe nitamwazima la baba.

"Saa moja?" akauliza.

"Saa moja," nikamwambia. "Jua likipanda hapachimbiki."